Mama Hachajiwi

Jumatano. Mvua imetishia tangu asubuhi na haikunyesha, joto la Tabata limebaki palepale, na nguo nilizoanua kwa haraka ziko kwenye kochi hazijakunjwa. Mama amelala sasa. Leo alirudisha mlango wa chumba chake mchana kweupe, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu aanze kukaa kwangu.

Naona aibu. Nianze na hilo, nisije nikazungukazunguka kama kawaida yangu.

Nyie mnaonisoma humu kwenye ukurasa wangu mnamjua mama yangu kwa jina la Mama Chaji, jina nililompa mie mwenyewe. Kwa mgeni: mama ana betri ya moyo. Ndivyo watu wanavyoiita hapa mjini, betri, ingawa ni kifaa kizima. Ni kadude kadogo bapa kameshonewa chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto, kana waya unaoingia moyoni. Moyo wake ukiachwa peke yake unapiga taratibu mno, sasa ukichelewa, kale kadude kanaustua. Walimwekea baada ya kuanguka jikoni mara ya pili, wakati huo anaishi kwake Temeke. Alipotoka hospitali nikamchukua.

Sasa mtu ukimwambia ana betri kifuani, halafu ukamwambia awe anarudi kliniki kila baada ya muda fulani, ataelewa nini? Mama alielewa kwamba anakwenda kuchajiwa.

Na wala hakuwa mjinga. Pale kliniki anajilaza kitandani, wanamwekea juu ya kifua kitu kama kile kipanya cha kompyuta, kina waya mrefu unaokwenda kwenye mashine. Fundi anabonyeza-bonyeza, na baada ya kidogo moyo wa mama unaanza kukimbia, kwa sababu wanaijaribu kama bado inafanya kazi vizuri. Mama anafumba macho anasema, "Naisikia inaingia." Akitoka hapo anatembea kama msichana, khanga begani, anasalimia mpaka walinzi. Waya upo, betri ipo, moyo umechangamka. Hata mie ningesema ni chaji.

Ila mie ni mwalimu wa fizikia.

Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha pili nafundisha betri inayochajiwa na isiyochajiwa, nachora ubaoni, nawauliza maswali, nawagombeza wakichanganya. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba mama amekosea. Ningemwambia siku ileile kwenye bajaji, tungefika nyumbani tumeshamaliza. Sikumwambia. Nilifika nyumbani nikaandika humu: "Mama kaenda kuchaji."

Mlicheka. Mkaomba nyingine, nikawapa. Nikawapa ile ya siku umeme ulipokatika, mama akaniambia nipige simu hospitali kwanza niulize kama jenereta lao linafanya kazi, asije akaenda bure. Nikawapa ile aliyomkatalia jirani yetu Mama Happy kumbebea ndoo, akisema amechajiwa jana tu, aachwe abebe. Kila alipofungua mdomo mie nilikuwa naisikia kwanza kama kitu cha kuandika. Nilikuwaga namuuliza maswali makusudi, "Mama, safari hii imejaa?" Na yeye, maskini ya Mungu, ananijibu kwa roho safi, "Imejaa, mwanangu, alhamdulillahi."

Mwezi uliopita alianza kuchoka. Anafagia nusu ya uwanja anakaa. Akipanda ile ngazi ya mlangoni anashika ukuta. Akaniambia, "Tatu, hii chaji safari hii haijakaa. Nipeleke kabla ya tarehe."

Nilimwambia, "Mama, tarehe yako bado, vumilia." Halafu nikaingia chumbani nikaandika kwamba Mama Chaji siku hizi anadai chaji ya dharura. Ile ndiyo mliyoipenda kuliko zote.

Mwili wake ulikuwa unamwambia ukweli, na yeye alikuwa ananiambia mie kwa maneno aliyonayo. Mie nilisikia kichekesho.

Leo ndiyo ilikuwa tarehe. Fundi wa mashine alikuwa mgeni kwetu, dada mmoja mchangamfu, ana kucha za rangi ya samli. Akamlaza mama, akaweka kile kipanya, akaanza kazi. Mama akafumba macho. Halafu mama akasema, "Mbona leo siisikii inaingia?"

Yule dada aliacha kubonyeza. Akamwangalia mama, akaniangalia mie, akapiga makofi.

"Jamani! Kumbe wewe ndiye Mama Chaji!"

Mama akafumbua macho. "Mama nani?"

"Mama Chaji! Wa kwenye simu! Si mwanao anakuandika? Sie hapa tunakusomaga kila siku mama, unatuvunja mbavu!"

Alisema kwa furaha kabisa, kama mtu aliyekutana na staa. Mie nilitamani ardhi ipasuke. Mama aliniangalia, hakuwa na hasira bado, alikuwa tu anasubiri nimweleze. Nikajifanya natafuta kitu kwenye pochi.

Halafu dada akageukia kioo cha mashine na uso wake ukabadilika. Akarudia kupima. Akasogeza kipanya, akapima tena, akatoka kumwita daktari. Daktari alikuja, akaangalia, akavuta kiti akakaa karibu na kichwa cha mama. Mie daktari akivuta kiti huwa sipendi.

Akasema betri imefika mwisho. Sio kwamba inazimika leo au kesho, imebaki na miezi kama mitatu hivi, lakini moyo wa mama unaitegemea sana, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja. Watafungua palepale penye kovu, watatoa hii wataweka mpya. Jumanne ijayo.

Mama akasema, kwa heshima zake zote, "Sawa daktari. Lakini si ndiyo nimekuja muichaji?"

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimezoea sentensi ile ikisemwa kila mtu anacheka, na mle ndani ilisikika kama ilivyokuwa tangu zamani, swali la mtu mzima anayetaka kujua habari za moyo wake. Yule dada ndiye aliyejibu, sauti imemshuka. "Mama, hii haichajiwi. Iliwekwa na umeme wake wote humo ndani. Sie hapa tunaisoma tu, tunaangalia umebaki kiasi gani."

"Miaka yote hii mlikuwa mnasoma?"

"Ndiyo, mama."

Daktari akamuuliza kama amekuwa akichoka, maana betri ikifika mwisho inajipunguza yenyewe ili isogeze siku, na mgonjwa anausikia mwili mzito. Nilifungua mdomo nijibu kwa niaba yake, kama ninavyofanya siku zote. Mama akaniwahi.

"Tangu mwezi uliopita. Nilimwambia huyu."

Kisha akanigeukia. "Tatu. Ulikuwa unajua kama haichajiwi?"

Hapa ndipo ninapotaka kuruka, na siruki. Nilisema, "Nilidhani unatania, mama."

Uongo mtupu. Mbele ya daktari, mbele ya yule dada aliyesoma kila nilichoandika na anajua kabisa kwamba nilijua. Mama naye alijua. Mtu aliyekuzaa huwezi kumdanganya ukiwa umekodoa macho namna ile. Akakaa akaanza kufunga vifungo vya gauni lake, akakosea kimoja, nikanyoosha mkono nimsaidie. Akausogeza mkono wangu pembeni, kwa upole kabisa. Angenizaba kibao ningeshukuru.

Kwenye bajaji hakusema na mie neno. Aliongea na dereva. Dereva alimuuliza tu kama anaumwa, maana tumepakiwa hospitali, mama akamwambia ana betri ya moyo na imeisha.

"Pole sana mama. Si wakuchaji?"

"Haichajiwi, baba. Mie mwenyewe nimejua leo."

"Duh," yule braza akasema. Na mimi niliyefundisha betri miaka yote nimekaa pembeni, nimekumbatia pochi.

Tulipofika mama alivua viatu, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Kifua changu hakifunguliwi tena. Iishe." Akaingia chumbani, akarudisha mlango.

Nilisimama pale nje kama muuza mahamri. Nilibembeleza. Nilimwambia ni upasuaji mdogo, mdogo kuliko ule wa kwanza, waya hauguswi ukiwa mzima, anaweza kurudi nyumbani haraka. Nilimwambia asipobadilisha ataanguka tena, na safari hii anaweza asiamke. Nikaanza kulia. Nililia kweli, sikuigiza.

Kutoka ndani mama akasema, "Nyamaza, Tatu. Utapata cha kuandika."

Niliondoka pale mlangoni. Nikaenda kukaa jikoni, nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Aliyenisaidia ni Mama Happy. Tumetengana naye ukuta, mtu wa Bukoba, akiingia kwako haulizi mlango uko wapi. Alikuja kumpa mama pole ya kliniki, nikamweleza kwa mkato, na jambo la kwanza alilosema ni, "Yesu! Kumbe haichajiwi?" Na yeye aliamini miaka yote hii. Kwa nini asiamini, mwalimu wa fizikia alikuwa anasikia na hasemi kitu. Akaingia chumbani. Walikaa huko mpaka adhana ya alasiri, sikusikia walichosema, nilisikia tu Mama Happy akiguna na mama akiongea kwa muda mrefu bila kupumzika.

Baada ya kuswali mama alitoka, akakaa kwenye mkeka uani, Mama Happy pembeni yake. "Lete simu," akasema. "Nisomee. Zote."

Mmewahi kumsomea mtu vichekesho vyake mwenyewe akiwa anakuangalia? Nilianza kwa kumumunya maneno, akaniambia nisome kama ninavyosomesha. Nikasoma. Kila nikimaliza anasema, "Endelea." Vilevile vilivyokuwa vitamu wakati naandika, leo vilikuwa vichungu. Nilisikia jinsi nilivyomwekea lafudhi. Nilisikia nilivyoandika "bibi huyu" badala ya "mama yangu", ili ichekeshe zaidi. Kwenye ile ya jenereta Mama Happy alishindwa, akajiziba mdomo na khanga, mabega yanamtikisika. Na mama mwenyewe akacheka. Kidogo tu, puani, halafu akakaza uso, na hiyo iliniuma kuliko angelia.

Akauliza, "Hao wote waliocheka, hakuna hata mmoja aliyesema huyu mama aelezwe?"

Nikamwambia yupo mmoja. Kuna dada mmoja aliwahi kuniandikia, lakini mwalimu, si umweleze tu bibi wa watu?

"Ukamjibu nini?"

"Nilicheka, mama. Nilimjibu kwa vile vikatuni vya kucheka."

Akatikisa kichwa polepole. Mama yangu akikasirika anaongea. Akitikisa kichwa bila kuongea, hapo ujue pamefika mbali.

Kisha akasema, "Sasa nieleze. Usinieleze kama wanafunzi wako, usinieleze kama hao wa kwenye simu. Nieleze mie."

Nikamwambia ni kama betri za tochi, mama. Unazitia mpya, unatumia, zikiisha unatoa unatia nyingine. Ya kwako imefungiwa humo humo ndani ya kifaa, ndiyo maana inabidi watoe kifaa chote. Ule waya wa kliniki hauingizi kitu, unauliza tu, na ile unayosikia moyo unakimbia ni wao wanaujaribu.

"Basi?"

"Basi, mama."

"Hayo maneno yalikuwa na uzito gani hata ukashindwa kuyabeba?"

Nikamwambia, "Nisamehe, mama. Nilijua tangu mwanzo. Na leo hospitali nilikudanganya, sikudhani unatania."

"Najua," akasema. Hakusema amenisamehe. Naandika hivi nisije baadaye nikajisahaulisha.

Mama Happy ndiye aliyeuliza maswali. Hiyo mpya itakaa muda gani? Wakifungua, atalazwa? Akiswali anaweza kusujudu? Mkono atauinua lini? Mengine nilijua, mengine sikujua, na nilipotaka kujibu lile nisilolijua kwa kubahatisha, mama akanyanyua kidole, nikasema sijui. Akawa ananisikiliza kwa makini, kama anahesabu mara ninazosema ukweli.

Mwisho akasema, "Jumanne nitakwenda."

Nikataka kumkumbatia. Akaendelea.

"Nitakwenda na Mama Happy. Ndani ataingia yeye. Yeye hajui kitu, lakini asichokijua anauliza. Wewe unajua, halafu unakaa nacho unacheka. Utakaa nje kwenye benchi."

"Sawa, mama."

Nikamuuliza kama nifute vyote nilivyoandika. Akasema nisifute. Waliocheka waachwe na kicheko chao. Ila niandike na hii ya leo, yote, na kabla sijairusha nimsomee kwanza. Ndiyo maana mnaisoma mkiwa mmechelewa. Mkiiona humu, mjue yeye ameshaisikia.

Ningependa niishie hapo. Mama atabadilishiwa betri, hilo ndilo kubwa, na Jumanne nitakaa kwenye benchi langu na adabu yangu. Lakini kuna jambo alilisema baadaye, wakati Mama Happy ameshaenda kwake na mie nasaidia kukunja mkeka.

Akaniuliza, "Tatu, kwa hiyo kukaa kimya hakuongezi kitu?"

Sikuelewa. Nikamuuliza kukaa kimya vipi.

Kumbe mama yangu, miaka yote hii, kliniki ikikaribia alikuwa anabana matumizi. Anajua chaji inakaribia kwisha, basi anaacha kutembea kwa jirani, anaacha kwenda misibani, anaacha kupika vinavyohitaji kusimama, ili ibaki ya kumfikisha. Mie nilikuwa naona ni uzee. Siku nyingine nilikuwa naona ni uvivu, nikamtania kwa hilo pia.

Nikamwambia hakuongezi, mama. Daktari mwenyewe husema kutembea ni vizuri. Kutembea, kusimama, kucheza, betri haijali.

"Hata kucheza?"

"Hata kucheza."

Akaukumbatia mkeka kifuani. Halafu akasema, "Arusi ya Mwanahamisi nilikaa kwenye kiti."

Mwanahamisi ni mjukuu wa dada yake, kule Mbagala. Waliita ngoma ya mdundiko, na mama yangu ni Mzaramo wa kuzaliwa na kukulia kwenye mdundiko, ngoma ile ikilia hata akiwa na homa ataipokea kwa mabega. Siku ile ngoma ilipita mbele yake, dada yake akamvuta mkono, akakataa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki anapiga makofi mpaka mwisho. Kliniki ilikuwa wiki inayofuata. Dada yake alifariki mwaka huohuo.

"Ningeweza kucheza?"

"Ungeweza, mama."

"Haya," akasema, akaingia ndani.

Nilikuwepo kwenye arusi ile. Nilimpiga picha akiwa kwenye kiti, mikono juu, anapiga makofi, anacheka na kila mtu anayepita. Nikairusha humu. Chini yake niliandika: "Mama Chaji yuko asilimia kumi, msimguse atazima." Mliipenda, nami nilijiona fundi.

Leo alasiri, nilipokuwa namsomea, hiyo niliiruka. Nilipitisha kidole haraka nikaenda inayofuata, na yeye hakujua.

Kesho asubuhi, akishamaliza kunywa chai, nitakaa naye uani nimsomee haya yote kuanzia juu. Nikifika hapa sitapitisha kidole.